Kuchanganya klasi kwenye D&D: kabla hujachovya, hesabu levo

Levo ya tano kwenye Dungeons & Dragons, gemu ya mezani ya kuigiza wahusika kwa dadu, ndo siku meza nzima inabadilika. Mwenye Wizadi, yule mchawi wa vitabu, anakusanya dadu nane za pande sita na kurusha mpira wake wa kwanza wa moto, chumba kizima cha maadui kinaungua. Mwenye Paladini, mpiganaji wa kiapo, anapiga mara mbili kwa zamu moja kwa mara ya kwanza. Mimi siku hiyo nilikuwa na mhusika niliyempenda mno, mpiganaji wa kawaida tunayemwita Faita levo tatu, nikamchanganya na Rogi, yule mwizi mvizia, levo mbili. Zamu ikanifika, nikarusha dadu moja ya shambulio, nikakosa, basi, zamu imeisha. Wiki iliyofuata hivyohivyo, na nyingine. Kwenye karatasi nilikuwa na vitu kibao ambavyo wenzangu hawana lakini kila vita ilipoanza nilikuwa nyuma yao, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini, manake sheria yenyewe nilikuwa nimeisoma na hakuna nilipokosea.

Hapa ndo shida ya maltiklasi, yaani kuchanganya klasi, ilipo. Sheria zake zinaeleza jinsi ya kufanya, hazikwambii unalipa nini na unalipa lini. Watu wengi wanaona bildi (mpango wa mhusika) ya levo 20 iliyopangwa vizuri mno, wanaiiga, alafu wanateseka miezi kadhaa kabla haijaanza kufanya kazi. Kwa hiyo nieleze taratibu, nikitumia toleo la tano lililotoka 2014 maana ndo linalochezwa kwenye meza nyingi ninazozijua, na yale ya 2024 nitayagusa mbele.

Kimsingi ni hivi. Mhusika wako ana klasi, yaani aina yake kama Wizadi au Faita, na kila akipata uzoefu wa kutosha anapanda levo kwenye klasi hiyo na kupewa kitu kipya. Ukichanganya, unapopanda levo unaamua kuichukua kwenye klasi nyingine badala ya ile uliyonayo. Faita wa levo ya 3 akipanda anaweza kuwa Faita 4, au akawa Faita 3 na Rogi 1. Vyote viwili ni levo ya 4 na vinahitaji uzoefu uleule. Kwenye toleo la 2014 sheria hii ni ya hiari, msimamizi wa gemu akisema kwenye meza yake haipo basi haipo.

Kuna geti la kuingilia pia, lazima uwe na 13 au zaidi kwenye sifa kuu za klasi uliyonayo NA za ile unayoingia. Rogi anataka Wepesi 13, Wizadi anataka Akili 13, Faita anakubali Nguvu au Wepesi, lakini Paladini anataka Nguvu na Mvuto vyote viwili na Ranja, yule mwindaji wa porini, anataka Wepesi na Hekima. Sasa ukitumia zile namba za kawaida za kuanzia, 15, 14, 13, 12, 10 na 8, ni tatu tu zinafika 13 kabla ya bonasi za asili yako, kwa hiyo mtu anayetaka Paladini na Ranja kwa pamoja anahitaji sifa nne zifike 13 na Uimara wake unabaki hoi. Ndo maana michanganyiko mingi mizuri unayoiona inatumia sifa moja pande zote mbili.

Sasa tufike penyewe, na hapa soma polepole maana ukipaelewa hapa mengine yote yanafuata. Kuna LEVO YA MHUSIKA, ile jumla, na kuna LEVO YA KLASI, zile za kila klasi peke yake. Vitu vichache vinafuata jumla. Bonasi ya umahiri, ile unayojumlisha kwenye dadu za mambo unayoyamudu, inafuata jumla, inaanza +2, inakuwa +3 levo ya 5, +4 levo ya 9, +5 ya 13 na +6 ya 17, haijalishi umechanganya mara ngapi. Uchawi mdogo usiotumia sloti (zile nafasi chache za kurusha uchawi zinazorudi ukipumzika) nao unaongezeka nguvu kwa jumla, levo ya 5, ya 11 na ya 17. Mengine karibu yote yanafuata levo ya klasi, na hayo ndo yenye utamu. Shambulio la pili linakuja levo ya 5 ya Faita, au ya 5 ya Paladini, siyo levo ya 5 ya mhusika. Mpira wa moto unakuja Wizadi 5. Dadu za kuvizia za Rogi, zile za madhara ya ziada, zinahesabu levo za Rogi tu. Hata zile pointi za kuongeza sifa, ambazo watu hudhani kila mhusika anapewa akifika levo ya 4, zinatoka kwenye klasi, levo ya 4, 8, 12, 16 na 19 ya klasi hiyohiyo, Faita akiongezewa nyingine mbili ya 6 na ya 14, na Rogi moja ya 10.

Mrudie yule mhusika wangu uone. Levo ya 6 alikuwa Faita 3 na Rogi 3. Hajafika 4 popote, kwa hiyo hajaongeza sifa hata mara moja, wakati Faita wa moja kwa moja wa levo ya 6 kashaongeza mara mbili, na anapiga mara mbili kila zamu. Mimi nilipata dadu mbili za kuvizia, uwezo wa kukimbia au kujificha kwa kitendo cha ziada, kile kidogo cha pembeni, na kile kitendo cha pili cha Faita ambacho unakitumia mara moja alafu mpaka upumzike. Mshika mbili moja humponyoka, na mimi yaliniponyoka mawili kwa mpigo. Lakini mhusika huyohuyo angekuwa Faita 5 kwanza, ndo achukue Rogi, levo ya 8 angekuwa na shambulio la pili, sifa ameongeza mara moja, kuvizia dadu mbili, mbio zote zile, na hakuna siku ambayo angekaa mezani anajiona mzigo. Vipande ni vilevile, kilichobadilika ni mpangilio tu.

Kwa hiyo kanuni ninayowaambia watu wanaoniuliza, na naiamini kabisa, usitoke kwenye klasi yako ya kwanza kabla ya levo ya 5 kama klasi hiyo inakupa kitu kikubwa pale. Faita, Paladini, Ranja, Babariani yule wa hasira, na Mtawa wa ngumi wote wanapata shambulio la pili levo ya 5. Wachawi kamili wote wanafika uchawi wa daraja la tatu levo ya 5. Rogi peke yake ndo hana mruko mkubwa hivyo, yeye anaongezeka dadu moja kila levo mbili bila kelele, ndo maana Rogi anavumilia kuchanganywa mapema kuliko wengine.

Na mashambulio ya ziada hayajumlishwi! Hili linawapata wengi. Faita 5 na Babariani 5 hapigi mara tatu, anapiga mara mbili tu, kwa sababu ni uwezo uleule umeupata mara mbili na ule wa pili umepotea bure. Anayetaka la tatu lazima afike Faita 11. Ni vivyo hivyo kwa ile kinga ya kutovaa deraya, ya Babariani inayotumia Uimara na ya Mtawa inayotumia Hekima, ukishakuwa na moja ya pili hupewi.

Klasi unayoanza nayo levo ya 1 nayo ina uzito ambao watu hawauoni. Roli za kujinusuru, zile dadu unazorusha ili kukwepa sumu na moto na uchawi wa akili, umahiri wake unapewa na klasi ya kwanza tu, ukichanganya baadaye hupati nyingine. Deraya nzito ya Faita au Paladini vilevile. Mtu akianza Faita alafu akawa Wizadi ana deraya nzito na umahiri wa kujinusuru kwa Uimara, ambao kwa mchawi ni dhahabu kwa sababu ukipigwa ukiwa umeshikilia uchawi unaohitaji umakini, unarusha Uimara dhidi ya 10 au nusu ya madhara uliyopata, ile iliyo kubwa. Akianza Wizadi alafu akachukua Faita, anapata deraya nyepesi na ya kati, ngao na silaha, ile nzito hapana, na kujinusuru kwake kunabaki kwa Akili na Hekima. Wahusika wawili wenye levo zilezile, tofauti ni nani alitangulia.

Sloti za uchawi ndo sehemu inayochanganya vichwa vya watu kupita zote kwa hiyo tuifanye kwa mfano mmoja mpaka mwisho. Nitatumia neno daraja kwa ngazi ya uchawi ili isigongane na levo.

Tuseme Paladini 6 na Sosera 4, Sosera ni yule aliyezaliwa na uchawi damuni. Jumla levo ya 10. Sosera ni mchawi kamili, levo zake zinahesabiwa zote, 4. Paladini ni nusu mchawi, levo zake unagawa kwa mbili na ikibaki nusu unaiacha, 6 inakuwa 3. Nne na tatu ni saba. Unaenda kwenye jedwali la waliochanganya, mstari wa 7, unakuta sloti 4 za daraja la kwanza, 3 za pili, 3 za tatu na 1 ya nne. Paladini wa moja kwa moja wa levo ya 10 ana 4, 3 na 2, basi. Umemzidi.

LAKINI uchawi unaoujua haufuati jedwali hilo. Unaujua kama vile kila klasi iko peke yake. Paladini 6 anaandaa uchawi wa hadi daraja la pili, na Sosera 4 anajua wa hadi daraja la pili. Kwa hiyo una sloti za daraja la tatu na la nne na huna hata uchawi mmoja wa daraja hilo wa kuweka ndani. Mpira wa moto huna. Unachoweza ni kuurusha uchawi mdogo kwa sloti kubwa ili uongezeke nguvu, au kuzichoma sloti kwenye pigo takatifu la Paladini, na hapo ndo siri ya mchanganyiko huu.

Pigo takatifu linakula sloti ya daraja la kwanza na kukupa dadu mbili za pande nane juu ya madhara ya upanga, alafu dadu moja zaidi kwa kila daraja linaloongezeka, mwisho tano. Mwenye levo 10 za Paladini akichoma sloti zote za siku anapata dadu 8 za daraja la kwanza, 9 za pili na 8 za tatu, jumla 25, wastani kama madhara 112. Wa Paladini 6 na Sosera 4 anapata 8, 9, 12 na 5, jumla 34, wastani 153. Tofauti ya dadu tisa kwa siku siyo mchezo, tena zinakuja kwa milipuko mikubwa zaidi.

Alicholipa je? Ile hazina ya kuponya kwa kugusa ni pointi 5 kwa kila levo ya Paladini, kwa hiyo 30 badala ya 50. Uhai, kila levo ya Sosera inakupa wastani wa 4 badala ya 6, levo nne ni pointi 8 zimekwenda. Duara lake la kuwakinga wenzake dhidi ya hofu linalokuja Paladini 10, hana. Ila angalia alikosimama. Paladini 6 ndo levo ya lile duara la kuongeza Mvuto kwenye roli za kujinusuru za wote walio karibu, moja ya uwezo bora kabisa kwenye gemu nzima, na amelibeba. Sosera 4 ndo levo ya kuongeza sifa, kwa hiyo ana mbili sawasawa na yule wa moja kwa moja. Na Mvuto unamtumikia pande zote. Mtu aliyepanga hivi alijua anashukia kituo gani, na mimi naona huu ni mfano mzuri kuliko hizo bildi za klasi nne nne.

Woloki, yule aliyefunga mkataba na kiumbe chenye nguvu, yuko nje ya hesabu hii yote. Sloti zake hazijumlishwi kwenye jedwali, zinakaa pembeni na zinarudi kwa pumziko fupi badala ya refu. Unaweza kuzitumia kwa uchawi wa klasi nyingine na za klasi nyingine kwa uchawi wake, hata kwenye pigo takatifu. Na ana kitu kingine kinachomfanya kila mtu amkimbilie, ule mwale wake. Ni uchawi mdogo usio na sloti, kwa hiyo unakua kwa levo ya mhusika, miale miwili levo ya 5, mitatu ya 11, minne ya 17, na Woloki 2 anaweza kuchagua kuongeza Mvuto wake kwenye madhara ya kila mwale. Levo mbili tu alafu silaha inakua yenyewe maisha yake yote! Ukimwekea Sosera 3, ambaye kwa pointi 2 za uchawi wake anaweza kuharakisha uchawi uwe kitendo cha ziada, una mwale mara mbili kwa zamu moja, yaani levo ya 5 miale minne, kila mmoja dadu moja ya pande kumi na Mvuto juu. Mvuto ukiwa +3 na yote ikipiga ni wastani wa 34. Ana pointi tatu za kuharakisha kwa siku, kwa hiyo ni mara moja, asipokula sloti zake kupata zaidi.

Kutokana na hawahawa wawili ndo likazaliwa lile jambo la mhusika asiyelala. Sosera anaweza kugeuza sloti kuwa pointi na pointi kuwa sloti, Woloki anarudishiwa sloti kila pumziko fupi, basi mtu anapumzika pumziko fupi usiku kucha, anageuza na kugeuza, asubuhi ana rundo la sloti. Mwaka 2017 kitabu cha nyongeza kilileta sheria ya hiari kwamba anayekaa bila pumziko refu anaingia kwenye uchovu. Kwangu mimi hata bila sheria hiyo nisingeileta mezani, kwa sababu wenzako wanakuja kucheza pamoja na wewe, siyo kukaa wanakusubiri ukamilishe hesabu.

Mchovya asali hachovyi mara moja, na hiyo ndo hatari ya hizi levo moja moja za kuonja. Kleriki 1, yule wa miungu, anampa Wizadi deraya ya kati na ngao, na sloti hazipungui maana wote ni wachawi kamili, kinachochelewa ni uchawi wenyewe kwa levo moja, moja kamili, mpaka mwisho wa gemu. Nafikiri ni bei nzuri. Faita 2 anampa yeyote kile kitendo cha pili, vizuri, lakini mchawi aliyechukua zote mbili yuko nyuma levo tatu, na hapo wenzake wanarusha uchawi wa daraja la nne yeye ana la pili. Kila kimoja peke yake kilionekana nafuu.

Kuna vinavyogombana kabisa pia. Babariani akiwa kwenye hasira hawezi kurusha uchawi wala kuushikilia, kwa hiyo kumchanganya na mchawi ni kununua vitu viwili ambavyo havitumiki kwa wakati mmoja. Na kuna vinavyopatana usivyotegemea, Babariani 2 anaweza kushambulia bila kujilinda akapata faida ya kurusha dadu mbili na kuchukua kubwa, mradi apige kwa Nguvu, na faida hiyo inamtosha Rogi kuvizia, akiwa na silaha ya ustadi. Sheria inataka silaha iwe ya aina hiyo, haikuambii uitumie kwa Wepesi. Kwa hiyo jitu la hasira lenye upanga mwembamba wa kuchoma linavizia kila zamu likiwa limesimama mbele ya adui uso kwa uso. Nikiona mtu kagundua hilo mwenyewe kwa kusoma sheria huwa nafurahi kweli.

Gemu hii imehangaika na jambo hili tangu zamani. Kwenye AD&D ya 1978, toleo lake la zamani, asiyekuwa binadamu, kama elfi (elf wa hadithi) au kibete, alikuwa na klasi mbili au tatu kwa pamoja tangu mwanzo na uzoefu wake uligawanywa sawa, na binadamu alikuwa na njia yake ya kuacha klasi ya zamani na kuanza mpya, akihitaji 15 kwenye sifa kuu ya zamani na 17 kwenye mpya. Toleo la tatu la 2000 ndo lilileta huu uhuru wa kuchukua levo popote, na kwa kuwa kila klasi mpya ilitoa +2 levo yake ya kwanza kwenye roli nzuri za kujinusuru na zote zilijumlishwa, watu walichovya klasi tano sita, pamoja na kwamba kulikuwa na adhabu ya asilimia 20 ya uzoefu kwa waliopishanisha levo. La nne la 2008 likageuza, klasi yako inabaki moja na unanunua vipande vya nyingine kama vipaji. Pathfinder, gemu nyingine ya aina hii, toleo la pili, 2019, nalo liko njia hiyo, unatoa vipaji vya klasi yako lakini levo zako zote zinabaki kwenye klasi yako kuu, na huwezi kudandia klasi ya tatu kabla hujachukua vipaji viwili zaidi vya ile ya pili. Ile kero yangu ya levo ya tano huko haipo kabisa, na ukitaka utamu kidogo bila kuchelewa, jaribu huko.

Kwa wanaocheza kitabu cha 2024, mifano yangu kadhaa hapo juu inabadilika. Klasi zote sasa zinachagua tawi lake, yaani utaalamu ndani ya klasi, levo ya 3, kwa hiyo tawi la Woloki hulipati tena kwa levo moja, ingawa kupigana na silaha kwa Mvuto kwenyewe bado unakupata Woloki 1 kwa mkataba wa upanga. Pigo takatifu limekuwa uchawi unaokula kitendo cha ziada, kwa hiyo moja tu kwa zamu, zile dadu 34 zitatoka polepole. Na kitendo cha pili cha Faita hakiruhusu tena kurusha uchawi, hivyo wachawi wengi hawana sababu ya kukifuata.

Ninachofanya siku hizi kabla ya kuchanganya, nachukua karatasi nachora mistari kutoka levo ya 1 hadi ile ambayo msimamizi amesema gemu itaishia, na hiyo lazima nimuulize, maana bildi inayoiva levo ya 12 kwenye gemu inayoishia ya 8 haina maana yoyote. Safu ya kushoto naandika klasi moja moja kwa moja, ya kulia mchanganyiko wangu, alafu kila mstari najiuliza nikikaa mezani wiki hiyo zamu yangu nitafanya nini. Mistari miwili mfululizo ikiwa dhaifu upande wa kulia, nahamisha levo juu au chini nione. Mhusika nilionaye sasa ni Rogi 5 anayekwenda kuchukua Babariani 2, na kwenye karatasi mstari dhaifu ni mmoja tu, levo ya 6, ambapo atakuwa na hasira lakini hajapata ile ya kushambulia bila kujilinda. Nimeshawaambia wenzangu wiki hizo wanikinge.